Mipaka ya Bahari

Watu wengi wa bara, hasa wakulima waliozoea kuona ua wa shamba na jiwe la mpaka, hudhani kwamba bahari ni mali isiyo na mwenyewe. Kwao shamba ni kitu cha haki: hupimwa, hulimwa, hurithiwa, na hata hugombaniwa mbele ya wazee. Lakini maji, wasema, hayapandwi mti wa mpaka, wala mtu hawezi kumwachia mwanawe wimbi. Kwa hiyo mvuvi huonekana kwao kuwa mtu wa bahati tu, aendaye kuokota asichokipanda. Dhana hiyo ni ya zamani, na wenye kuishika si wajinga. Wameipata katika kazi yao wenyewe. Hata hivyo yafaa ipimwe, na habari ya mzee mmoja wa Taita aliyekwenda kuvua katika bahari kuu pamoja na mwanawe na mjukuu wake, mnamo Januari mwaka 1959, yaweza kuipima vizuri kuliko hoja nyingi.

Mwana wa mzee huyo alikuwa karani wa serikali huko Shimoni, kusini mwa Mombasa, karibu na mpaka wa Tanganyika ya siku zile. Alikuwa amekaa hapo mwaka wa sita, yeye na mkewe na watoto wao, na mtoto wa kwanza, mvulana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amekulia ufukoni kama kaa. Baada ya Krismasi babu yake aliteremka kutoka milimani. Alipanda gari la moshi pale Voi, akavuka kivuko cha Likoni, akapanda basi lililopita katika mashamba ya miwa ya Ramisi, akafika Shimoni amevaa koti lake zito la mlimani, jasho likimtoka. Hakuja kutembea. Alikuja kumchukua mjukuu wake.

Sababu zake alizieleza usiku wa kwanza, baada ya chakula, kwa upole wala bila ya kuficha. Mtoto hakijui tena Kitaita isipokuwa maneno ya salamu. Hajapata kushika jembe siku mbili mfululizo. Shamba la ukoo liko vipande vipande, kimoja juu kwenye baridi, kimoja katikati penye mfereji wa maji, kimoja chini kwenye nyika, kama ilivyo desturi ya Taita, na kila kipande kina mipaka ambayo haikuandikwa mahali popote ila katika kichwa cha mwenyewe. "Mimi ni mzee," alisema. "Nikifa kabla ya kumtembeza mtoto huyu mipakani, ardhi ile itakuwa ya mwenye sauti kubwa. Shule zitafunguliwa mwezi huu. Ataanza darasa la nne kwetu."

Karani alinyamaza. Kwa desturi za nyumbani kwao neno la baba halijibiwi usiku ule ule, na yeye mwenyewe aliona kwamba neno hilo lina haki ndani yake. Mkewe alilia kidogo jikoni. Mtoto, aliyekuwa amejifanya kulala, alisikia yote.

Jirani yao alikuwa nahodha mmoja mwenyeji wa hapo, mtu wa makamo anayeelekea uzeeni, mwenye mashua yake mwenyewe na wasaidizi wawili, mwanawe na mpwa wake. Mvulana wa karani alikuwa akishinda katika mashua hiyo kila siku ya likizo, akiteka maji, akifunga kamba, na kupanda mlingoti wakati chombo kilipokuwa kimetia nanga. Nahodha alipopata habari kwamba mtoto ataondoka, alikuja kumwamkia mgeni. Wazee wale wawili wakaulizana hali kwa kirefu, kama ipasavyo, kisha nahodha akasema, "Mzee mwenzangu, mtoto huyu amenifanyia kazi bila ya ujira. Si vizuri aondoke hivi hivi. Twende naye mara moja kilindini, nawe uje, umwone." Mzee alikubali kwa adabu, na pengine kwa kutaka kujua ni kitu gani hicho kilichomteka mjukuu wake. Karani, aliyekuwa katika livu, akaambiwa kwamba naye atakwenda.

Ilikuwa Jumamosi, siku za mwezi mwandamo, yaani siku za bamvua. Afaa mkulima ajue jambo hili, kwa kuwa mvuvi hulihesabu kama yeye ahesabuvyo mvua. Katika pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika kama 50, ndiyo maana saa za kujaa husogea mbele kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Katikati ya nyakati hizo ni maji mafu, na tofauti huwa ndogo. Siku za bamvua maji hujaa kabisa karibu na saa kumi za alfajiri, hupwa hata saa nne za asubuhi, kisha huanza kujaa tena mpaka saa kumi za jioni. Kwa hiyo chombo kitokacho saa kumi za alfajiri hutolewa na maji yanayokupwa, na kirudicho mchana huletwa na maji yanayojaa. Upepo nao una zamu yake. Katika majira ya kaskazi, kuanzia Desemba hata Machi, upepo wa mchana hutoka upande wa kaskazini na mashariki, lakini alfajiri huja umande, upepo mwembamba utokao nchi kavu. Mvuvi hutoka na umande na kurudi na kaskazi. Wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa Aprili, bahari huchafuka, na wengi huvua ndani ya miamba tu.

Basi wakatoka gizani, nahodha akitaja jina la Mwenyezi Mungu na kushika usukani, vijana wakivuta makasia mpaka tanga lilipopata umande. Mzee aliketi katikati ya chombo, mikono yake miwili imeshika ubao. Kulipopambazuka walikuwa wameliacha jiwe la Wasini nyuma yao, na visiwa vidogo vya Mpunguti na Kisite vilikuwa vikipita upande wa kuume. Mbali sana, upande wa machweo, milima ya Usambara ilionekana ya buluu juu ya ukungu. Mzee aliitazama milima ile kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote kingine asubuhi hiyo.

Walipotoka nje ya miamba, mawimbi marefu ya bahari kuu yakaanza kukiinua chombo na kukishusha polepole. Hapo bahari ilimlewesha mzee, akatapika ubavuni. Hakuna aliyecheka. Mpwa wa nahodha alimpa kipande cha tangawizi atafune, na mtoto akamwambia, "Babu, usitazame maji, tazama mlima." Mzee akafuata shauri hilo, akapata nafuu. Pomboo walipita kwa makundi wakirukaruka mbele ya omo. Baadaye kidogo kivuli kikubwa kilipita chini ya mashua, kirefu kuliko mashua yenyewe, mgongo wake umejaa madoa meupe kama fedha zilizomwagwa. Alikuwa papa shilingi. Samaki huyo ndiye mkubwa kuliko samaki wote wa dunia, lakini hali watu wala samaki wakubwa; chakula chake ni vijidudu na vidagaa anavyovichuja katika maji. Mzee aliuliza kama watamvua. Nahodha akajibu, "Huyu ni mpita njia tu, mzee. Hatugombani naye."

Kwanza walirambaza, yaani waliburuta mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, wakitafuta nguru na jodari. Walipata nguru mmoja tu. Ndipo nahodha akasema, "Twendeni tukavue chini," akageuza chombo. Mzee akatazama huku na huku, akaona maji matupu pande zote. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuweka swali hilo moyoni tangu asubuhi, "Chini wapi? Hapa na pale pana tofauti gani?"

Nahodha hakujibu mara moja. Alisimama katika tezi, akatazama bara, akatazama visiwa, akasogeza usukani kidogo, akatazama tena. Kisha akamwita mzee asimame karibu naye, akamwonyesha kwa kidole. "Waona kilima kile cha Jombo? Waona mbuyu ule ulio peke yake pwani? Kilima sasa kiko kulia kwa mbuyu. Tutakwenda mpaka mbuyu usimame katikati ya kilima. Huo ni mstari mmoja. Sasa tazama huku. Visiwa viwili vile vimefungana, vyaonekana kimoja. Vitakapofunguka hata ukaona mwanga mwembamba katikati yao, huo ni mstari wa pili. Mistari hiyo inapokutana, chini yetu pana jabali. Hatua hamsini upande huu, hakuna jabali, ni matope, wala hutapata kitu."

Mzee akasimama kimya, ameshika bega la mjukuu wake ili asianguke. Chombo kikasogea. Mbuyu ukaingia katikati ya kilima; visiwa vikaachana; nahodha akaamuru tanga lishushwe na jiwe la nanga litupwe. Vijana wakashusha mshipi wenye chubwi, wakahesabu pima arubaini na moja, na chubwi likagonga jiwe. Nahodha akasema, "Hapa ni pa baba yangu. Alinionyesha nilipokuwa mdogo kuliko mtoto huyu. Naye alionyeshwa na babake. Wengine wana pao. Mimi nina saba kama hapa, na huyu mwanangu amekwisha kujua tano."

"Na mbili je?" mzee akauliza.

"Mbili bado. Hajaoa."

Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza tangu walipotoka. Kisha akauliza maswali ambayo mkulima peke yake aweza kuyauliza. Mbuyu ukianguka itakuwaje? Nahodha akajibu kwamba mwenye akili hutafuta alama ya pili kabla ya ya kwanza kufa, na kwamba baba yake alitumia mnazi ambao sasa haupo. Mtu akikufuata akaona mahali pako? Nahodha akajibu kwamba hutokea, na ndiyo maana mvuvi akiona tanga la mwenziwe huondoka akajifanya anavua mahali pengine. Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Hata kwetu," alisema, "mtu huficha jiwe la mpaka chini ya ardhi, akajua yeye na mwanawe tu, ili siku jiwe la juu likisogezwa, la chini litoe ushahidi."

Wakaanza kuvua. Mshipi wao ulikuwa wa pamba uliotiwa rangi ya maganda ya mkoko ili usioze, na chambo kilikuwa ngisi na vibua. Walipata changu wengi, wekundu, wa kadiri. Saa nne ilikuwa imekwisha kupita, maji yameanza kujaa, mshipi wa mtoto uliposhikwa kwa nguvu hata kifua chake kikagonga ubavu wa chombo. Nahodha akapiga kelele, "Chewa! Mtoe jiweni!" Kwa kuwa chewa mkubwa akishikwa na ndoana haendi mbali, hukimbilia pango lake, na akiisha kuingia huko hutanua mapezi yake, asitoke tena. Pima tatu nne za kwanza ndizo zinazoamua. Mtoto hakuweza. Karani akaruka, akaushika mshipi kwa mikono yote miwili, nao ukamteleza na kumkata viganja vyote viwili, damu ikatoka. Mikono yake ilikuwa imeshika kalamu kwa miaka kumi na minne. Ndipo mzee, bila ya kuambiwa, akajifunga mshipi kiganjani kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Mshipi ukalia. Haukuteleza. Pima moja ikaja, kisha nyingine, kisha ya tatu.

"Basi," nahodha akasema. "Ametoka jiweni. Sasa mpe mtoto mshipi wake."

Na kweli, katikati ya njia samaki akawa mwepesi. Chewa anayevutwa upesi kutoka kilindini, mfuko wa hewa ulio ndani yake hufura kwa kupungua kwa uzito wa maji, ukamwinua wenyewe. Mtoto akamalizia kumvuta, vijana wakamwopoa kwa kulabu, akalala chini ya chombo, mwenye kinywa kipana ambacho kingeweza kumeza kichwa cha mtu. Mzee alitazama viganja vyake, akavionyesha kwa mjukuu wake: palikuwa na mstari mweupe tu juu ya sugu. Viganja vya karani vilifungwa kwa kitambaa.

Walipokwisha kula wali wa baridi waliochukua, upepo ukazidi. Kaskazi ya mchana ilikuja kwa nguvu kuliko walivyoitazamia, na bahari ikaanza kuwa na mapovu. Nahodha akaamuru nanga ing'olewe. Wakakimbia vizuri kuelekea nyumbani, tanga limejaa, mpaka walipokuwa wanakaribia miamba ya visiwa. Hapo henza, kamba nene ipandishayo foromali, ikakatika karibu na kapi lililo juu ya mlingoti. Foromali na tanga vikaanguka, nusu majini, nusu chomboni, na mashua ikageuka ubavu kwa mawimbi. Maji yakaingia. Vijana wawili wakashika makasia ili kuelekeza omo kwenye upepo, nahodha akiwa usukanini, na karani akawa anayafua maji kwa upo, ijapokuwa mikono yake ilikuwa mibovu. Upande wa chini ya upepo, mbele yao kidogo, mapovu meupe yalionyesha mahali mwamba ulipo.

Ilihitajika mtu wa kupanda mlingoti na kupitisha kamba mpya katika kapi. Vijana hawakuweza kuacha makasia; wakiyaacha, chombo kingekwenda mwambani. Tena mlingoti ulikuwa umelia wakati foromali ilipoanguka, na nahodha aliogopa kuutwika mtu mzima. Wote walijua ni nani aliyekuwa mwepesi na aliyezoea kupanda. Mtoto alikuwa amekwisha kujifunga kamba kiunoni.

Nahodha hakumtuma. Alimgeukia mzee, akasema kwa sauti kubwa juu ya upepo, "Mzee, mtoto huyu ni wako. Wewe ndiwe uliyekuja kumchukua. Nipe ruhusa."

Mzee alimtazama mjukuu wake. Akaitazama ncha ya mlingoti, ikienda huku na huku angani kama fimbo ya mchungaji. Watu waliokuwamo walidhani atakataa. Lakini alisema, "Huyu ana baba. Muulizeni babake."

Karani akainua kichwa katika maji aliyokuwa akiyafua. Tangu baba yake alipofika, na labda tangu zamani zaidi, hakuna mtu aliyemwuliza neno juu ya mtoto huyo kama mtu mwenye kauli. Akamtazama mwanawe. Akasema neno moja tu, "Panda." Akaacha upo, akashika ile kamba iliyofungwa kiunoni mwa mtoto, akaizungusha katika viganja vyake vilivyokatika. Mzee akauchukua upo, akaendelea kufua maji.

Mtoto alipanda. Chombo kilipoinama upande mmoja alijikumbatisha mlingotini akangoja, kilipoinuka akapanda tena. Alipofika juu aliipitisha kamba katika kapi kwa mara ya pili ya kujaribu, akaishika mwisho wake kwa meno, akateremka. Haikuchukua muda mrefu, ijapokuwa waliokuwa chini waliona kama saa nzima. Tanga likapandishwa nusu tu, kwa kuuhurumia mlingoti, na mashua ikaingia katika maji matulivu ya nyuma ya visiwa. Maji yakiwa bado yanajaa, wakafika Shimoni karibu na saa kumi.

Pwani samaki waligawiwa. Kwa desturi ya wavuvi chombo hupata fungu lake, kwa sababu chombo huchakaa na hapana budi kitengenezwe. Nahodha hupata lake, na kila baharia lake. Siku hiyo nahodha alitenga fungu moja zaidi, akaliweka mbele ya mtoto bila ya kusema kitu. Mtoto akalichukua kwa mikono miwili, akalipeleka kwa mamake.

Usiku ule mzee na karani waliketi nje. Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Nilifikiri watu hawa hawana mipaka. Wanayo, tena haionekani ila na aliyeonyeshwa. Mimi nina shamba la kumpa mtoto. Mwenye chombo yule ana majabali yake saba ya kumpa mwanawe. Wewe utampa nini?"

Karani akajibu jibu ambalo karani yeyote angelijibu. Akasema kwamba atampa elimu. Kwamba kalamu ndiyo iliyowalisha.

"Kalamu ni jembe," mzee akasema. "Ni jembe zuri, silitukani. Lakini jembe si shamba. Hata ukimwachia, atauliza alime wapi."

Kisha akaeleza shauri lake jipya. Mtoto abaki, amalize darasa la nne na mtihani wake hapo Shimoni, kwa sababu mtoto aliyepanda mlingoti ule hang'olewi katikati ya kazi. Lakini kila likizo, bila ya kukosa, aje Taita, atembezwe kipande cha juu, cha katikati na cha chini, kila jiwe na kila mti. "Nawe utakuja pamoja naye," akaongeza. "Nilikupeleka misheni ukiwa mdogo, nikafurahi kwa barua zako. Kipande cha juu sikukutembeza. Ukiulizwa leo mpaka wetu upande wa mfereji ni upi, huujui." Karani hakubisha. Ilikuwa kweli. Siku ya tatu mzee alipanda basi, na katika mzigo wake mlikuwa na vipande vya chewa vilivyotiwa chumvi na kukaushwa juani.

Habari hii yahusu miaka iliyokuwa na mambo makubwa juu ya mipaka. Tangu mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mashamba ya Waafrika katika baadhi ya wilaya za bara yalikuwa yakipimwa, yakiunganishwa na kuandikwa, na mwaka ule ule wa 1959 ikatungwa sheria ya kuandikisha mashamba hayo. Wengi waliona wakati huo kwamba mtu asiyejua mpaka wake kwa miguu hakuweza kuutetea mbele ya kamati. Karatasi iliandika yale yaliyosemwa na wenye kujua, na aliyekuwa mbali kazini mara nyingine alikuta limeandikwa jambo asilolipenda. Bahari nayo ilikuja kupata mipaka mipya. Mwaka 1968 serikali ya Kenya iliyatenga maji ya Malindi na Watamu kuwa hifadhi za bahari, na katika miaka ya 1970 ikafuata Kisite na Mpunguti, visiwa vile vile ambavyo nahodha alivitumia kuwa alama. Katika hifadhi ya Kisite uvuvi ukakatazwa. Upande wa Mpunguti uvuvi wa zana za jadi ukaruhusiwa. Mambo hayo yana faida yake, kwa kuwa samaki wasipopata mahali pa kuzaa, jabali la urithi huwa jiwe tupu. Lakini hata hapo, aliyeweza kusema neno lenye uzito ni yule aliyejua kila mahali kwa jina lake na kwa alama zake.

Kati ya watu watatu wa ukoo ule waliokuwamo chomboni, mzee alijua mipaka yake, na mtoto alikuwa ameanza kujua ya jirani. Wa katikati ndiye aliyekuwa hana. Hali hiyo haikuwa ya karani huyo peke yake. Makarani, walimu na waganga wasaidizi wengi walitolewa nyumbani wakiwa wadogo ili wasome, wakasoma vizuri, wakatumwa wilaya za mbali, wakaandika kwa mwandiko safi majina ya mashamba ya watu wengine. Wazazi wao hawakuwanyima kitu kwa makusudi. Walidhani shule itafundisha yote. Nao hawakuuliza, kwa kudhani mzee ataishi siku zote.

Dawa ya jambo hilo si kuiacha kazi wala kumtoa mtoto shuleni. Mzee wa Taita hakufanya lolote kati ya hayo. Alitaka siku chache tu za likizo, na miguu ya watu watatu. Mwenye baba aliye hai na shamba lisiloandikwa, au hata lililoandikwa, aombe siku hizo mapema, ampeleke mwanawe pamoja naye, wakasimame penye jiwe, mzee aseme kwa kinywa chake ni nani aliyeliweka na kwa nini. Mambo ya namna hiyo hayaelezwi vizuri kwa barua.